Watoto wa Mtunza Ghala

Tangu nije Dubai, hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza nani ananitegemea. Mshahara wa hapa haukatwi kodi, kwa hiyo hakuna anayetaka kujua kwamba nyumbani Mombasa nina mama mzee na watoto wawili wa marehemu dada yangu, ambao hula, huvaa na husoma kwa jasho langu. Unapokea chako, unatuma, basi. La kuchekesha ni kwamba kazi inayonipa mshahara huo ni ya kuwauliza watu wengine swali hilohilo, na kuandika majibu yao kwenye kompyuta.

Niko idara ya mishahara ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, ndani ya Freezone, eneo huru la biashara kando ya uwanja wa ndege. Kampuni ina matawi katika nchi kadhaa za Afrika, na mishahara ya matawi yote hutengenezwa hapa kwetu, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho kiyoyozi chake hukufanya uvae sweta mwezi wa nane. Kila nchi ina sheria zake za kodi. Kuna zisizojali kama una watoto au huna. Kongo inajali: kila mtegemezi aliye naye mtu humpunguzia kodi yake kidogo. Ndiyo maana programu yetu ina dirisha la wategemezi. Unaingiza jina, uhusiano, tarehe ya kuzaliwa, unaambatisha hati, unaweka tiki. Tiki ikiwepo, mtoto anahesabiwa. Tiki ikiondolewa, hayupo. Wala si kwenye kodi peke yake, maana orodha hiyohiyo ndiyo inayotumwa kila mwezi kwenye zahanati inayowatibu wafanyakazi wa huko na familia zao. Hilo nililijua vizuri. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru.

Programu ina kijisanduku cha manjano. Ukiingiza mtoto ambaye jina lake la mwisho halifanani na la baba, kinachomoza katikati ya kioo: majina hayalingani, unataka kuendelea? Kijisanduku hicho ndicho kilichonipa sifa. Mwaka wangu wa pili kazini kilinionyesha dereva wa tawi moja aliyejiandikia watoto watatu wa jirani yake. Nikafuatilia, akakiri. Mkuu wa idara akanisifu mbele ya watu wote, akaagiza sambusa. Nilizila sambusa zile kichwa kimevimba, na tangu siku hiyo nikajiona mwenzenu nina jicho.

Mkuu huyo wa idara tunamwita madam, kama kila mtu anavyowaita wakubwa hapa. Ni wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia Ghuba yeye akiwa bado wa kubebwa. Kiarabu chake ni cha huku, Kiingereza chake ni cha ofisini, lakini Kiunguja hakijamtoka mdomoni. Aliniajiri kwa sababu ya lugha, na alinieleza wazi siku ya usaili.

"Nataka mtu atakaesema na hawa wenzetu bila ya kuwatisha," aliniambia. "Mtu wa Afrika akipigiwa simu na ofisi ya Dubai, huhisi kesha kosa."

Nikamwahidi kwamba kwangu hakuna atakayetishika.

Tawi la Lubumbashi lilipofunguliwa lilikuwa na wafanyakazi tisa. Fomu zao zilikuja kwa barua pepe na nikapewa mimi niziingize. Wanane walikuwa vijana. Wengine hawakuwa na mtu, wengine walikuwa na mtoto mmoja au wawili waliobeba jina la baba, nikawapitisha bila shida. Wa tisa alikuwa mtunza ghala, mwanamume wa karibu miaka hamsini, mwenye mke na watoto watano.

Mke sikumtilia shaka. Hata kwetu pwani mke hachukui jina la mumewe. Lakini nilipoingiza mtoto wa kwanza, manjano. Wa pili, manjano, tena jina lake halikufanana hata na la yule wa kwanza. Wa tatu, wa nne, wa tano, vivyo hivyo. Watoto watano, majina matano ya mwisho, na hakuna hata moja lililokuwa la baba.

Nilikozaliwa mimi, jina la mtoto halina siri: ni lake, la baba yake, la babu yake. Ukisikia mtoto anaitwa majina matatu, unajua ni wa nyumba gani na kama deni la duka ni la kwao. Watoto watano wasioshiriki jina, kwangu mimi, walikuwa na baba watano. Nilicheka peke yangu. Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili kwamba huyu bwana amezoa watoto wa mtaa mzima, na huyo mwenzangu, Mhindi asiyejua Kiswahili wala Kongo iliko, akacheka pia kwa adabu.

Nilimtumia mtunza ghala barua pepe ya kumtaka ajieleze. Anwani ilikuwa ile aliyopewa na kampuni, na mtu anayeshinda ghalani akihesabu maboksi haketi kusoma barua pepe. Nilimpa siku tatu. Hakujibu. Nikasema moyoni kwamba mwenye haki hujibu. Nikaondoa tiki tano, nikahifadhi, mwezi ukafungwa.

Hati za kuzaliwa za watoto wote watano zilikuwa zimeambatishwa kwenye fomu. Zilikuwa za Kifaransa, na skani yake ilikuwa imefifia. Sikuzifungua.

Wiki tano baadaye, siku ya Ijumaa, simu ya mezani kwangu ililia. Ijumaa ofisi yetu hufungwa kabla ya sala, na watu huanza kufunga mikoba mapema. Mimi nilikuwa nawaza kuwahi treni, maana kutoka huku mpaka Discovery Gardens ninakokaa ni mwendo wa kuchosha hata ukipata kiti. Niliinua mkono wa simu bila hamu.

"Alo, mama. Jambo."

"Sijambo. Nani mwenzangu?"

"Ni miye, wa ku depot ya Lubumbashi. Kazi iko namna gani, mama? Batoto beko muzuri?"

Nilimjua mara moja, na swali lake likaniudhi. Nilikuwa na miaka arubaini na minne, ndoa yangu ilishavunjika, na swali la watoto nilikwisha kuliogopa hata kwa jamaa zangu mwenyewe.

"Sina watoto," nikamjibu kwa ukavu.

"Basi Mungu atafanya, mama," akasema, kwa upole ambao ulizidi kuniudhi.

Kisha akanieleza shida yake. Hakupaza sauti. Alizungumza taratibu, kile Kiswahili chao ambacho mara ya kwanza ukikisikia unakiona kama nguo yako iliyovaliwa na mtu mwingine.

"Mutoto yangu wa ine, ule mwenye ugonjwa ya damu, balimurudisha ku kliniki. Balisema jina yake haiko ku liste. Sasa ni juma mbili hana dawa. Jana mifupa ilimuluma mpaka asubuyi. Munganga anasema atatungoya leo mpaka saa sita, kama jina itafika."

Mtoto huyo alikuwa msichana wa miaka minane mwenye selimundu. Maradhi hayo nayajua. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba iliyozika wawili. Mtoto wa selimundu anatakiwa aonwe na kupewa dawa kila mwezi bila kukosa, na akikosa, maumivu yake huwa ni ya kumtoa mtu mzima machozi.

Ningependa kuandika kwamba nililainika hapohapo. Sikulainika. Jicho langu lilikuwa bado linanidanganya.

"Baba," nikamwambia, "majina niliyaondoa mimi. Hao watoto hawana jina lako."

Nilisikia upande wake mtu akiburuta kitu kizito sakafuni, labda boksi. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

"Mama, jina yangu ni ya miye. Batoto beko na majina yabo."

"Sasa mimi nitajuaje kama ni wako?"

"Makaratasi nilituma yote. Fungula tu, utaona."

Nikafungua, yeye akiwa bado yuko kwenye simu. Nilifungua ili nimwonyeshe kosa lake, nisiseme uongo. Hati ya kwanza ilikuwa na muhuri uliofifia, lakini kwenye mstari wa baba jina lake lilisomeka lote, majina yake matatu. Nikafungua ya pili. Ya tatu. Kifaransa changu hakivuki salamu, lakini neno la baba katika lugha ile lingetambuliwa hata na mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye hati zote tano, mstari uleule, jina lilelile. Baba mmoja, mama mmoja, watoto watano.

Nilimwomba asikate simu, nikaenda kwenye dirisha la wategemezi kurudisha tiki. Programu ikakataa. Mabadiliko ya mwezi ule yalikuwa yamefungwa, na orodha ya zahanati ilishatoka. Wa kuifungua tena alikuwa mtu mmoja tu katika jengo lile, mwenye namba yake ya siri, naye ni madam, niliyemwona kupitia kioo cha ofisi yake akitengeneza shela yake kichwani, mkoba begani, tayari kuondoka. Akitoka pale, ni mpaka Jumatatu.

Nikakimbia. Nasema nikakimbia kwa sababu nilikimbia kweli, na viatu vya ofisini, mbele ya watu. Njiani nilipata nafasi ya kufikiria yatakayonipata. Huku kazi ikikatika, kibali cha kukaa kinakatika nacho, na nyumbani kulikuwa na ada za shule za watoto wa dada yangu zilizokuwa zinaningoja. Lakini nikikumbuka vizuri, lililonisukuma mlangoni lilikuwa ni ile saa sita ya Lubumbashi.

Nilimweleza madam mambo yote, nimesimama. Alinisikiliza mkono wake ukiwa bado kwenye shela.

"Ulizifungua hati?"

"Sikuzifungua, madam."

"Kwa nini?"

"Nilijiona najua," nikasema.

Nilimngoja anifokee. Akaweka mkoba mezani, akampigia simu dereva wake akamwambia, kwa Kiarabu, kwamba atachelewa, khalas, aende na yeye akasali ndio arudi. Kisha akaketi na kuniashiria kiti.

"Mie na dada yangu tumetoka tumbo moja, baba mmoja," akaanza, huku akiwasha kompyuta yake aliyokwisha kuizima. "Tulipofika huku, karani akamuandika yeye kwa jina la babu, mie akaniandika kwa jina la kabila. Hakuuliza mtu. Alikuwa na watu wengi siku ile, kajiona hodari. Basi mpaka leo nikenda kumtazama hospitali, naulizwa huyu ni nani yako. Dada yangu huyo, nnaempigia simu kila asubuhi."

Alisema hivyo akiangalia kioo, si mimi. Namshukuru kwamba hakuniangalia.

Alipoingiza namba yake ya siri na mwezi ukafunguka, nilinyoosha mkono nirudishe tiki zote tano kwa mpigo mmoja. Akanizuia.

"Hapana, mwanangu. Waandike upya, mmoja mmoja. Na huyo baba yao mlete hapa tumsikie."

Nikaihamishia simu ofisini kwake, akaiweka kwenye spika. Wakasalimiana, yeye kwa Kiunguja na mtunza ghala kwa chake, na kwa muda wakaulizana habari za kazi, za hali ya hewa, za afya, mpaka nikataka kuwakatiza. Nilikuwa natazama saa. Kwao ilikuwa nyuma ya yetu kwa saa mbili, na hilo peke yake ndilo lililonipa pumzi.

"Baba, tutajie mtoto wa mwanzo," madam akasema.

Akamtaja. Nikaandika. Manjano ikachomoza, nikaipitisha.

"Ile ni jina ya baba yangu," mtunza ghala akaongeza, hakuna aliyemwuliza. "Alikufa mbele hajamuona mutoto."

Nikaandika wa pili.

"Ile ni ya baba ya bibi yangu. Alinipatia mutoto yake bila kunisumbua."

Bibi, kwao, ni mke. Madam akacheka. Wa tatu alikuwa amepewa jina la rafiki aliyemfundisha mtunza ghala mwenyewe kazi hiyo alipokuwa hajui hata kupanga maboksi. Nikaandika. Manjano, endelea. Kisha akamtaja yule wa nne, msichana, na hapo vidole vyangu vilikosea herufi mara mbili.

"Ile ni jina ya mama mwenye alizalisha bibi yangu ku hospitali," akasema. "Kuzaa kulikuwa nguvu. Alishinda na bibi yangu siku mbili, hakurudia kwake. Hatukumujua mbele, hatukumuona tena nyuma. Lakini jina yake tunaita kila siku ku nyumba."

Nikaandika jina la mwanamke yule mkunga, herufi moja moja, nikalisoma kwa sauti, akasema ndiyo, njo vile. Wa tano alibeba jina la mdogo wake aliyefariki. "Nikiita mutoto," alituambia, "ni sawa naita yeye pia."

Nilipomaliza, dirisha la wategemezi lilikuwa na mistari sita, mke na watoto watano, kila mmoja na jina lake. Mimi, niliyejigamba kusoma majina ya watu, nilikuwa nimeutazama ukoo mzima nikaona wizi.

Madam aliandika barua kwa zahanati yeye mwenyewe, akaitia saini, tukaituma pamoja na orodha mpya. Nilibaki ofisini kwake wakati wote ule, nikijifanya napanga karatasi zake. Jibu lilikuja baada ya nusu saa: wameipokea, mtoto aletwe. Nikampigia mtunza ghala. Hakukaa kwenye simu kunishukuru, alikuwa tayari anatembea, nilisikia pumzi zake.

"Yalla, nenda kwenu," madam akaniambia huku akitengeneza shela yake kwa mara ya pili. "Na Jumatatu usije hapa na uso wa msiba. Njoo na orodha ya wote uliowaondoa, tuwafungulie hati zao."

Kwenye treni, kituo cha pili baada ya kubadilisha pale Union, ulifika ujumbe wa sauti. Nikaweka simu sikioni. "Amekunywa dawa, mama. Analala. Aksanti." Basi, hayo tu. Nililia kwenye behewa la wanawake, na Mfilipino mmoja aliyekuwa amesimama akanipa karatasi ya kufutia uso bila kuniuliza kitu.

Ninayekaa naye chumba kimoja ni Mkamba kutoka Kitui, mtu wa kanisa, mhudumu kwenye hoteli. Nilimkuta anapiga pasi sare yake ya zamu ya jioni. Nikamsimulia. Aliiweka pasi chini.

"Aki wewe, ulifuta watoto wa mtu juu ya surname?"

"Nilidhani anadanganya."

"Si ungeniuliza? Mimi na ndugu zangu, hata kwa ID majina hazifanani. First born ameitwa babu, mimi nimeitwa nyanya, na mzee wetu ni mmoja." Akaiinua pasi tena. "Na vile mnapenda kusema sisi wa bara hatujui Kiswahili. Leo umeshindwa kuongea na Mkongo."

Nilistahili. Alipotoka kwenda kazini nilikaa kitandani nikawaza wale watoto wawili wa dada yangu. Wanabeba jina la baba yao, kama inavyostahili, ingawa baba yao alioa kwingine na habari zake hatunazo. Jina langu halimo popote katika majina yao. Siku moja ikitokea nikaulizwa na ofisi fulani nani ananitegemea, nikawaandika hao wawili, karani mwenye jicho kama langu angewaondoa kisha akaendelea na chai yake. Niliwapigia simu jioni ile. Mdogo alitaka kujua kama nimeanguka au naumwa, maana si siku yangu ya kupiga.

Jumatatu tulifungua hati za wote. Hakukuwa na mwingine niliyemdhulumu, ila nilikuwa nimebahatisha tu, si kwamba nilikuwa makini. Kodi aliyokatwa mtunza ghala kwa kosa langu alirudishiwa mwezi uliofuata. Madam hakuniandikia barua ya onyo. Alichofanya ni kuniambia kwamba kuanzia siku hiyo kila mfanyakazi mpya nitampigia simu kabla sijamwingiza kwenye programu, nimwulize watu wake, na nisikilize mpaka amalize. Niliichukulia kama adhabu. Sasa ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Nimewasikia watu wakiwataja watoto wao kutoka ghalani, barabarani, wengine kutoka arusini. Hakuna anayewataja kwa haraka.

Nashukuru kwamba mtunza ghala alipiga simu. Angeweza kuninung'unikia huko kwao na mimi nisijue mpaka leo. Nashukuru pia kwamba alinisalimu kwanza, na mtoto wake yuko katika hali ile, na kwamba nilipomwambia watoto si wake hakunitukana. Mimi ningetukana, tena kwa majina yote matatu. Kila mwezi alipokuja kwenye hesabu zangu nilimpigia kumwuliza hali ya msichana wake, na kila mara alitanguliza salamu ndefu, nami nikajifunza kuzijibu. La watoto hakuniuliza tena.

Mwaka huu, asubuhi moja, Lubumbashi wakatuma fomu ya mtegemezi mpya. Mtunza ghala, mtoto wa sita, msichana. Yeye mwenyewe hakuwa amenidokeza kitu. Nilifungua hati kwanza, kama nifanyavyo siku hizi. Nikasoma jina la baba, la mama, tarehe. Kisha nikasoma jina la mtoto.

Lilikuwa jina langu. Langu na la baba yangu, yote mawili, herufi kwa herufi, kama yanavyokaa chini ya kila barua pepe ninayotuma. La kwanza mimi nililirithi kwa bibi yangu mzaa baba, aliyeuza vitumbua maisha yake yote pale Kibokoni na ambaye kuvuka kwenda Likoni tu kulikuwa safari ya kuagana na majirani. Nilitazama kioo mpaka kikazima chenyewe, nikakigusa kikawaka, na jina lilikuwa lipo palepale.

Nikampigia simu.

"Bibi yangu njo alichagula," akasema, na nikasikia wasiwasi kidogo kwenye sauti yake. "Hatukukuomba ruhusa, mama. Iko mubaya?"

"Si vibaya, baba."

"Nilikuambia siku ile. Mungu atafanya."

Nyuma yake kulikuwa na kitoto kinalia, kilio kile cha siku za mwanzo chenye kukwamakwama, na mwanamke akikibembeleza kwa kukiita. Alikuwa anaita jina langu.

Kwetu mtu mwenye jina lako humwiti kwa jina. Ni somo yako, na somo hutumiwa kanga, huulizwa hali, huombewa kwenye sala. Watu wengine wana watoto. Mimi nina somo, na ada zake za usomo nimeshaanza kuzipeleka, kwa sanduku la mizigo la kampuni, madam akijifanya haoni.

Lakini siku ile kazi ilikuwa bado iko mezani. Nikafuta macho, nikavuta kibodi. Nikaandika jina, uhusiano, tarehe ya kuzaliwa, nikaambatisha hati. Kijisanduku cha manjano kikachomoza, kikaniambia kwamba jina la mtoto na la baba hayalingani, kikaniuliza kama nataka kuendelea. Nilikisoma chote mpaka mwisho, nikabonyeza ndiyo, kisha nikamwekea somo yangu tiki yake.